Daktari Anajibu: Mlio Masikioni

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina umri wa miaka 46 na tangu ujana wangu naendesha mashine ya kusaga nafaka, masikio nikiyaziba kwa pamba. Siku hizi nikilala nasikia mlio kama wa nyenje, ilhali mke wangu hasikii kitu. Jirani ananishauri niende kwa mganga. Je, wako wengine wenye tatizo hili? Msagaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Wenzako ni wengi mno. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mlio huo, ambao kitabibu huitwa tinitasi, huwapata takriban asilimia 14 ya watu wazima duniani, yaani zaidi ya watu milioni 740. Miongoni mwa vijana ni kama mmoja kati ya 10, na kwa waliotimiza miaka 65 hukaribia mmoja kati ya wanne. Wanaume na wanawake hawakutofautiana. Wanaosumbuliwa vikali ni kama asilimia 2 tu, kwa hiyo wengi hunyamaza, na ukimya huo ndio unaompatia mganga wateja.

Kwako wewe ninaishuku mashine. Kelele kubwa za muda mrefu huua chembechembe laini za sikio la ndani, ambazo kwa binadamu zikifa hazioti tena. Ikiwa mteja aliyesimama hatua moja kutoka kwako hulazimika kupaza sauti ili usikie amekuja na debe ngapi, basi kelele hiyo yaelekea imepita kiwango ambacho sikio huhimili kwa siku nzima ya kazi. Pamba haizuii kelele ya kutosha. Tafuta vizibo vya masikio vya viwandani au vile vya kuvaa kichwani.

Hata hivyo, umri nao huchangia, na nta iliyoganda husababisha mlio ambao huisha sikio likisafishwa hospitalini (si kwa njiti ya kiberiti, tafadhali). Mweleze daktari pia iwapo uliwahi kutumia kwinini, aspirini kwa wingi, au sindano za gentamaisini au streptomaisini, lakini usiache dawa yoyote kabla ya kumwona.

Omba kupimwa usikivu. Mlio ukiwa wa sikio moja tu, au ukidunda sambamba na mapigo ya moyo, usichelewe kwenda. Na usikivu ukipotea ghafla, nenda siku hiyohiyo.