Kromosomu za Uzi

SWALI: Ninafundisha Biolojia katika sekondari moja wilayani Newala, mkoani Mtwara. Hatuna hadubini, na wanafunzi hukariri hatua za mitosisi (seli kugawanyika kuwa mbili zinazofanana) na meiosisi (kugawanyika kunakozaa seli za uzazi) bila kuzielewa. Nilitumia korosho kuwa kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, lakini tulipofika kwenye utungisho, zigoti (yai lililotungishwa) ilitoka na kromosomu nyingi kuliko mzazi. Tulikosea wapi?

JIBU: Mwalimu, inaelekea wanafunzi wako waligawa mara moja tu, wakaunganisha seli ambazo hazikuwa zimepunguziwa kromosomu. Korosho nayo haikuwasaidia, kwa sababu ni punje moja, ilhali kromosomu inayokaribia kugawanyika imekwisha kujirudufu na kuwa kromatidi mbili, yaani nakala mbili zinazofanana, zilizoshikana kwenye sentromea. (Tena, ganda la korosho likipasuka hutoa mafuta yanayobabua ngozi.)

Tafuta uzi wa kufumia, mwekundu kwa kromosomu zilizotoka kwa mama na wa bluu kwa zilizotoka kwa baba. Usianze na 46 za binadamu. 4 zinatosha, yaani ndefu mbili na fupi mbili, kila urefu kwa rangi zote mbili. Mwanafunzi achore seli kwa chaki juu ya dawati, akate nakala ya kila uzi, kisha aufunge pamoja na nakala yake katikati kwa kipande cha uzi mweupe, ambacho ndicho sentromea.

Katika mitosisi, kromosomu zote hujipanga mstari mmoja, uzi mweupe hukatwa, na kila seli hupata 4. Meiosisi ndiyo ya kukaa nayo muda mrefu: nyekundu ndefu hulala kando ya bluu ndefu, fupi kando ya fupi, nazo hutenganishwa bila kugusa uzi mweupe, ambao hukatwa katika mgawanyiko wa pili tu. Atakayeukata mapema usimkatize. Mwache ahesabu mwenyewe. Dawati moja litapata nyekundu ndefu na bluu fupi, jingine nyekundu tupu, na yote ni sahihi. Kwa jozi 23 za binadamu, michanganyiko ya namna hiyo huzidi milioni 8.

Mwishoni, gameti (seli ya uzazi) ya dawati moja ikutane na ya dawati la jirani, 2 kwa 2, kama 23 za mbegu ya kiume zinavyokutana na 23 za yai. Anayeshika upande wa yai abaki na seli moja kati ya zile nne, kwani nyingine tatu huwa ndogo na hunyauka. Majina ya Kiingereza wayaandike baada ya hapo, nyuzi zikiwa bado mezani.