Bromelia inayokauka baada ya kuchanua

Ndugu, umeuliza kwa nini bromelia yako inakauka baada ya kuchanua. Kwa kuwa umeeleza kwamba majani ni magumu, yana mistari ya rangi ya fedha inayokatiza upana wake na miiba midogo kingoni, na kwamba ua la rangi ya waridi lilidumu miezi kadhaa kabla mmea haujaanza kukauka, bila shaka unayo Aechmea fasciata, aina ya bromelia, mzaliwa wa kusini-mashariki mwa Brazili na jamaa wa mnanasi. Ingekuwa Guzmania, bromelia ya jenasi nyingine, kingo za majani zingekuwa laini kabisa.

Kukauka huko si ugonjwa: kila shina huchanua mara moja tu, kisha hufifia polepole huku likitoa machipukizi kitakoni. Usiyaondoe kwa pupa. Subiri yafikie walau theluthi moja ya kimo cha mama, ndipo uyatenganishe kwa kisu safi na kuyapanda kwenye magome yaliyokatwakatwa yaliyochanganywa na mchanga wa chengachenga, mahali penye mwanga mwingi usio wa jua la mchana.

Maji, hasa ya mvua, yatiwe katika kikombe kinachoundwa na majani, na yabadilishwe kila wiki, kwani yakituama hunuka na mbu hawangoji kukaribishwa. Ule unga mweupe ulio juu ya majani usiufute ukidhani ni vumbi; ni magamba madogo ambayo mmea hunyonyea maji.