Jibu: Nimegongwa mimi, mbona nikapelekwa nyuma?

Ndugu, unauliza kwa nini kwenye mbio za magari za njia ya udongo ulirudishwa mkiani mwa msururu ilhali wewe ndiye uliyegongwa gari likazunguka. Viwanja vingi vya udongo hurudisha nyuma kila gari lililosimama likasababisha bendera ya njano (ishara ya hatari, wote wapunguze mwendo bila kupitana), isipokuwa mwamuzi aone wazi kwamba lilisukumwa.

Lakini kosa zito ni kushuka garini kumfuata dereva aliyekugonga. Kaa ndani, mkanda umefungwa, mpaka waokoaji wafike. Toka kukiwa na moto tu. Mwaka 2014 kule Canandaigua, New York, dereva aliyeshuka hivyo aligongwa akafa.

Ukipewa bendera nyeusi (amri ya kutoka njiani), ingia piti, yaani sehemu ya kuhudumia magari: ukikaidi, mizunguko yako haihesabiwi tena. Fundi wako akienda kugombana kwa wenzako, kwa kawaida adhabu inakuangukia wewe dereva.