Madogo wa studio, mzee akija kurekodi msimharibie kazi

Hii naiandika na hasira kidogo, mtanisamehe. Juzi kaja mzee wa watu, mtu alianza kuimba kabla baba zenu hawajamtongoza mama zenu, mmemkalisha kwenye kochi mnahangaika na plagini, vile viprogramu vya kurembea sauti. Mzee kachoka kusubiri kachukua gitaa lake kaanza kuimba palepale kwenye kochi, kitu kitamu kuliko vyote alivyoimba siku ile, na kwenye kompyuta hakuna mtu aliyebonyeza rekodi. Mmoja alikuwa anamrekodi kwa simu apost status. Nilinyamaza makusudi, nikasema ntawaandikia ili kesho na keshokutwa msije kusema hamkuambiwa.

Kila anayeingia hapa huwa namlazimisha asikilize Time Out of Mind, albamu ya Bob Dylan, mwimbaji na mtunzi wa Marekani, na najua wengi mnasikiliza nyimbo mbili mnarudi kwenye amapiano. Sio kesi. Ile albamu imerekodiwa Januari 1997, mwenyewe ana miaka 55, prodyuza Daniel Lanois, injinia Mark Howard, na karibu kila kosa mnalolifanya hapa na kila jambo mnalotakiwa kufanya limo mle ndani. Tuanze.

1. Mtu akikaa kimya usimzike. Dylan alikuwa hajatoa nyimbo mpya za kutunga mwenyewe tangu 1990. Mwaka 1992 na 1993 katoa albamu mbili za nyimbo za zamani za watu, yeye na gitaa lake basi, na wengi wakaona ndo kaisha huyo. Kumbe jamaa anarudi shule. Alafu akakutana na Lanois hotelini New York akamsomea mashairi, anasoma tu bila gitaa, akamuuliza unaona hapa kuna albamu? Nyie mteja hajakaa mshamwekea biti na mnamuuliza "mzee kiitikio kinasemaje".

2. Sikiliza anachosikiliza yeye. Dylan alimtajia Lanois rekodi za kizamani za bluzi, Charley Patton, Little Walter na wenzao, akamwambia kasikilize hizo. Na Lanois, ambaye tayari alikuwa na jina kubwa kwa kazi za bendi ya U2, hakujifanya anajua, alienda kukaa nazo, akawa anapiga juu yake pamoja na mpiga drams mmoja, Tony Mangurian, mpaka ule mwendo ukawaingia. Juzi mzee kawatajia Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba mkaitikia "sawa mzee, tunaijua hiyo" wote watatu kwa pamoja kama kwaya, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kuitafuta. Nimecheki.

3. Mteja akitaka kuhama chumba, hama. Lanois na Howard walikuwa na jumba la zamani la sinema pale Oxnard, California, wanaliita Teatro, wamelipanga vizuri, demo, yaani rekodi za majaribio, zimeanza kutoka tamu, Dylan akasema hapa ni karibu mno na nyumbani twendeni Miami. Wakafunga virago wakaenda studio ya Criteria. Vyombo vyote. Mkiambiwa msogeze drams upande wa pili mnavuta mdomo.

4. Maiki zote ziwe wazi muda wote. Kule Miami chumba kilijaa watu. Lanois kaleta wa kwake, Dylan kaleta wa kwake, kuna Jim Dickinson wa Memphis kwenye kinanda, Augie Meyers wa Texas kwenye ogani, Duke Robillard kwenye gitaa, Cindy Cashdollar kwenye gitaa la kuteleza, wapiga drams Jim Keltner na Brian Blade, wakati mwingine wawili wanapiga kwa pamoja. Na wote wanapiga laivu, na waliokuwepo wanasimulia kwamba Dylan alikuwa anabadilisha kii ya wimbo, yaani ngazi ya sauti, akijisikia, teki hii (kila mara wimbo unapopigwa na kurekodiwa) iko hapa, teki ijayo iko kwingine, na mwendo nao kaubadilisha. Sasa hapo injinia unayesema "subirini nicheki levo", yaani viwango vya sauti, unakuwa umeshachelewa, wimbo umepita. Kazi ya injinia kwa mtu wa aina hii inafanyika asubuhi kabla hajafika. Akishaingia mlangoni wewe unarekodi, levo utazitengeneza huku anaendelea, ikivuma kidogo ivume.

5. Teki ya kwanza haifutwi. Hapa mnivumilie nikae kidogo.

Nilikuwa kijana kama nyie, studio siitaji, kaja mzee mmoja wa dansi na jina lake nalo naliacha. Ana nyimbo mpya, anataka magitaa yenye ukali na drams za kupigwa na mtu, sio mashine, anaita "roki letu". Bosi kasafiri kaniachia funguo, na mimi ndo nimetoka kujifunza kuhariri vokali, natafuta tu wa kumuonyesha. Mzee kaingia chumbani, kavaa hedifoni sikio moja ndani moja nje, kabla sijamwambia kitu kaanza. Bahati nilikuwa nimeshabonyeza rekodi ili nicheki levo. Akauimba wimbo wote. Kiti kinalia kwii, karatasi ya mashairi inachakarisha, beti la tatu kasahau mstari, pale penye mstari akaguna tu, mmh, mmh, mpaka beti likaisha. Wimbo ulikuwa wa mkewe, alikuwa amemzika mwaka ule. Mpiga besi akanitazama kupitia kile kioo, macho yamemtoka. Mimi nilichosikia ni kiti.

Nikabonyeza tokbaki, kile kitufe cha kuongea na aliyeko chumbani, "mzee hiyo ilikuwa ya kujaribia, sasa ndo tunaanza". Nikamtoa kitini nikamsimamisha, mtu ana magoti mabovu. Nikamwekea kliki, ule mlio wa mashine wa kuhesabu mwendo. Mtu ambaye maisha yake yote amekaa kwenye bendi anamsikiliza mpiga drams anavyopumua, wewe unamwekea ti-ti-ti sikioni, akawa anaimba kama mtu anayemsomea mwenzake namba za Luku. Hakulalamika hata mara moja. Kila nikisema "mzee naomba tena" anajibu "haya mwanangu". Ilifika mahali mpiga besi akasema anaenda kununua maji, hakurudi mpaka jioni.

Alafu diski ikajaa. Na hapa sina pa kujifichia, sio kwamba niliifuta bahati mbaya, niliiangalia ile ya kwanza, nikaona nimeipa jina TEST, nikaifuta, na takataka nikamwaga. Usiku nikakaa na zile nyingine, nakata silabi hapa nabandika pale, nanyoosha tuni, namuondolea mzee pumzi zote, mpaka alfajiri ikawa safi na mimi najiona profesa. Mzee kaja kusikiliza. Nikamwamkia, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho kashika kidevu. Akasema, "Anaimba vizuri. Nani huyu?"

Nikacheka, nikajua utani. Hakuwa anatania, au kama alikuwa anatania basi uso wake haukuambiwa. Akauliza, "ile ya kwanza ipo?" Nikamdanganya. Nikamwambia mzee kompyuta ilizingua. Kompyuta ya watu haikuzingua chochote. Akasema "basi haina neno", akaniachia na hela ya soda. Wimbo ukatoka hivyo hivyo umekatwakatwa, redio wakaupiga siku chache ukapotea, mzee naye kashatangulia, na yule mpiga besi tukikutana msibani au kwenye harusi ananisogelea anaguna beti la tatu sikioni kwangu. Makusudi kabisa, mshenzi yule.

Kwa hiyo hapa studio hakuna faili linaloitwa TEST. Kila kinachorekodiwa kina jina la wimbo na tarehe, na hakifutwi mpaka mimi nimesaini. Diski zimeshuka bei, acheni ubahili. Zile demo za Teatro unaona zilitunzwa, kuna ya wimbo Can't Wait, Dylan yuko kwenye piano inakaribia kuwa ya kanisani, ilikaa kabatini mpaka 2008 ilipotolewa, na mimi naona inaipita ile iliyoingia kwenye albamu. Lanois mwenyewe aliipenda sana na bado haikuingia. Lakini ipo! Mtu anaweza kuisikia. Ya mzee wangu haipo.

6. Eko, ule mwangwi. Jamani eko. Sasa hapa mtaniambia "mbona hiyo albamu yako imejaa eko". Ni kweli imejaa. Lanois ndo zake, ukisikiliza unaona ukungu umetanda, magitaa yako mbali, ogani inatokea nyuma huko, sauti ya Dylan imekwaruzwa makusudi. Mwaka 2023 wakatoa zile rekodi upya, Michael Brauer kaimiksi albamu nzima akapunguza ule ukungu, na sauti imekusogelea kabisa. Nimezisikiliza zote mbili nikibadilishana wimbo kwa wimbo. Msimamo wangu: wimbo wa Cold Irons Bound niachieni ile ya 1997, ule uchafu ndo wimbo, ukiusafisha umeuua. Not Dark Yet nachukua ya Brauer, maana pale namtaka mtu, sitaki chumba. Mtabisha, bisheni, ila muwe mmesikiliza. Lanois aliweka eko kwa sababu alikuwa anatafuta mahali fulani kichwani mwake. Nyie mnaweka eko kwa sababu plagini imefunguka yenyewe na asilimia 30.

Alafu ile mikwaruzo ya kwenye koo la mzee msiinyooshe. Cold Irons Bound ilimpa Dylan Grammy ya uimbaji wa rock upande wa wanaume mwaka 1998, sauti imechakaa hivyo hivyo, na albamu nzima ikachukua Albamu ya Mwaka na nyingine ya folk, jumla tatu. Usiku huohuo mwanae Jakob na bendi yake ya The Wallflowers walibeba mbili, kwa hiyo nyumba moja Grammy tano. Hakuna otityuni mle, ile programu ya kunyoosha sauti, nawaapia.

7. Mtagombana, na ni sawa. Msije mkadhani nawaambia mkae kimya kila mzee anaposema. Lanois alimbishia Dylan mpaka mwisho, na bila ule ubishi sidhani kama albamu ingekuwa na sura ile. Ila ujue unagombania nini. Wimbo wa Mississippi walishindwa kuelewana, Lanois anataka midundo inayopishanapishana, Dylan anautaka unyooke, wakaurekodi zaidi ya mara moja na bado ukaachwa nje. Dylan akampa mwimbaji Sheryl Crow akautoa 1998, alafu yeye mwenyewe akaurekodi upya kwa albamu ya 2001 na bendi yake ya ziarani, injinia Chris Shaw, prodyuza ni yeye mwenyewe kajiita Jack Frost. Tangu hapo kwenye albamu za nyimbo zake mpya hakurudi kwa Lanois. Mnaelewa hiyo? Mmeshinda Albamu ya Mwaka pamoja, na bado mteja haendelei na wewe. Mimi bado namtetea Lanois, ila ile bei aliilipa.

Na kuna la Highlands, wimbo una dakika 16 na ushee. Dickinson alisimulia kwamba baada ya kuupiga, mmoja wa watu wa menejimenti akamuuliza Dylan kama kuna fupi yake. Akajibiwa kwamba hiyo ndo fupi. Ukaingia wote, umefunga albamu. Mzee wetu wa juzi ana wimbo wa dakika saba nikasikia mtu anamwambia "TikTok mzee, sekunde 30". Aliyesema anajijua.

8. Msijifanye wachambuzi wa maisha ya mteja. Mei 1997 Dylan aliugua, utando wa moyo ulivimba kwa maambukizi ya fangasi, akalazwa, albamu ikatoka Septemba imejaa vifo na usiku, na watu wakaandika kwamba ugonjwa ndo umemtungisha. Nyimbo zilisharekodiwa Januari! Kwa hiyo mzee akiimba kaburi msimuulize "mzee unaumwa?" kama mlivyofanya. Mleteeni chai.

Mengine ya haraka haraka: kiti kisicholia kinunuliwe, nimeshatoa hela. Maji ya vuguvugu, sio ya friji. Kliki mpaka aombe. Mzee akiongea katikati ya teki usikate, acha itembee. Simu zenu kwenye kikapu. Shikamoo inatolewa kabla ya kuuliza password ya wifi.

Mzee anarudi Jumanne saa nne, maana yake nyie saa mbili mko hapa, drams zimepigwa maiki, gitaa lina nyaya mpya na rekodi imewashwa. Na aliyeondoka na ile adapta ya hedifoni airudishe kabla sijaanza kutaja majina.