Mbona miti ya wageni wetu inakauka?

SWALI: Kampuni yetu ya utalii hupanda mti mmoja kwa kila mgeni, lakini miche mingi hufa kabla ya mwaka kuisha. Tunakosea wapi?

JIBU: Huenda mnafuata ratiba ya wageni badala ya mvua. Subirini udongo ulowe hadi sentimita 30 hivi kwenda chini. Mashimo yachimbwe mapema, udongo wa juu ukitengwa na wa chini. Kiriba (mfuko wa plastiki wenye mche) kichanwe na kutolewa chote. Kikifukiwa na mche (hutokea sana watu wakikimbilia picha), mizizi hujizungusha humo na mti hudumaa. Matandazo (nyasi au majani makavu ya kufunika udongo) yasiguse shina. Pandeni miti ya asili ya eneo hilo, na mchango wa mgeni ulipie pia palizi na maji kwa miaka 2 au 3. Ripoti itaje miche iliyo hai baada ya mwaka.