Chatu wako amenenepa: maswali na majibu

Mwezi huu barua nyingi zimemhusu chatu mpira, yule chatu mfupi wa Afrika ambaye akitishwa hujikunja donge na kuficha kichwa katikati. Kwa asili anapatikana kuanzia Senegal hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda, lakini waliotuandikia wote wanamfuga ughaibuni. Panya wa kumlisha tunawataja kwa gramu, maana "mkubwa" wa duka moja ni "wa kati" wa duka jingine.

Swali: Wahariri, habari za kazi. Chatu wangu jike ana miaka 5, urefu sm 125, uzito gramu 2,640. Kila Jumamosi nampa panya wa gramu 200 na hajakataa hata siku moja. Nikifungua tu kizimba anatokeza kichwa na kuchezesha ulimi. Mume wangu anasema amenenepa, mimi naona ana njaa. Tuamulieni.
*Msomaji, Leicester, Uingereza*

Jibu: Dada, hapa mume wako ameshinda. Panya wa gramu 200 kwa nyoka wa gramu 2,640 ni karibu asilimia 7.6 ya mwili wake, tena kila wiki. Kwa mwezi inapita gramu 800. Jike mzima wa kimo hicho angetosheka na panya mmoja wa gramu 60 hadi 80 kila baada ya wiki 3 au 4. Unampa takriban mara kumi ya anachohitaji.

Kutokeza kichwa si kipimo cha njaa. Chatu mpira huwinda kwa kuvizia: hutulia mahali pamoja akingoja, na kwa kuwa porini hajui windo jingine litapita lini, hukamata kila linalopita. Mwili wake umezoea kuweka akiba ya miezi ya kiangazi ambayo huenda asile kabisa. Kizimbani kiangazi hakifiki, akiba inaongezeka tu. Isitoshe, wako ameshajifunza kwamba mlango ukifunguka panya yuko nyuma yake.

Usituamini kwa hesabu peke yake, mshike. Ngoja siku 7 au zaidi baada ya mlo, mwache apite taratibu mikononi, kisha pitisha kidole gumba juu ya mgongo katikati ya mwili. Chatu mwenye afya, ukimwazia amekatwa kati kwa upana, ana umbo la boflo: chini bapa, mbavuni pana, juu pamechongoka kidogo. Uti wa mgongo unausikia chini ya kidole bila kubonyeza, lakini hautokezi kama kisu. Ukitokeza hivyo, huyo amekonda. Aliyenenepa amekuwa bomba la duara. Uti wa mgongo umezama na pande zake mbili nyama imepanda, ikaacha mfereji katikati. Magamba ya ubavuni yameachana, ngozi inaonekana kati yake hata tumbo likiwa tupu. Akijikunja, mikunjo ya ngozi inajikusanya upande wa ndani. Angalia pia nyuma, karibu na tundu la haja: mwili umejaa hadi hapo, halafu mkia unasinyaa ghafla.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni kwamba nyoka huweka mafuta yake mengi ndani ya tumbo, hasa theluthi ya nyuma, na siyo chini ya ngozi. Yanapoonekana kwa nje, ndani yamekaa muda mrefu. Yakizidi huingia kwenye ini, na ini lililojaa mafuta halitoi dalili mpaka limechoka. Jike mnene pia huwa na hatari ya kukwamiwa na mayai.

Sasa la kufanya. Usimfungie chakula miezi mitano kwa hasira. Mnyama mnene akinyimwa ghafla kwa muda mrefu, mwili hukimbilia mafuta kwa pupa na ini ndilo linaloelemewa. Ruka wiki 2, kisha mpe panya wa gramu 100. Baada ya wiki 3 mpe mwingine wa gramu 100. Kuanzia hapo, gramu 70 hadi 80 kila wiki 4. Chagua panya wachanga waliotoka tu kunyonya au waliokua kidogo. Panya wazee waliostaafishwa uzazi ndio wenye mafuta mengi, na ndio maduka hupenda kuwauza kama "wakubwa". Mlo mmoja kati ya mitatu unaweza kuwa kifaranga wa kware au wa kuku. Si anasa hiyo: porini chatu mpira wadogo, hasa madume, hula ndege kwa wingi, na wakubwa ndio huegemea panya.

Mpime mara moja kwa mwezi, kabla ya mlo na baada ya kupata choo. Mizani ya jikoni ya kilo 5 inatosha: weka boksi lenye kifuniko, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha mtie nyoka. Akipungua gramu 25 hadi 50 kwa mwezi, mambo yanakwenda. Wengi wa kimo chake huwa kati ya kilo 1.4 na 1.9, lakini usifukuzie namba, fukuzia umbo. Itachukua mwaka mmoja na nusu, pengine miwili. Akipungua zaidi ya asilimia 10 ndani ya miezi miwili, au akiacha kula na kulegea, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayetibu reptilia, umwombe kipimo cha ultrasaundi na damu. Ultrasaundi pia itaonyesha kama uvimbe wa nyuma ni mafuta au ni mayai yanayokua, jambo ambalo mkono unaweza kukosea.

Na mpe kazi. Kizimba cha sm 120 kwa 60 kwa 60, chenye matawi imara ya kupanda na maficho pande zote mbili, kitamfanya atembee usiku. Anayekaa kwenye droo ya plastiki hana pa kuchomea mafuta yake.

Swali: Nimenunua kifaranga wa chatu mwenye gramu 120. Aliyeniuzia anasema nimlishe kila siku 5 kadiri anavyoweza kumeza, ili afike gramu 1,500 upesi nimzalishe. Mnasemaje?
*Msomaji, Columbus, Marekani*

Jibu: Ushauri huo ni wa mtu anayehesabu mayai. Gramu 1,500 ni kipimo ambacho wafugaji wengi hutumia kwa jike, lakini uzito wa mafuta hauongezi umri. Jike aliyefikishwa hapo kwa haraka mifupa yake bado ni ya mtoto.

Wako mpe windo la gramu 12 hadi 15 kila siku 7. Mpaka gramu 200 baki kwenye asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Kati ya gramu 200 na 500 shuka hadi karibu 10, kila siku 7 hadi 10. Kisha mpaka kilo moja, asilimia 5 hadi 7 kila siku 14. Kosa la kawaida ni kuongeza ukubwa wa panya huku ukisahau kuongeza siku. Windo lisizidi unene wa sehemu pana zaidi ya mwili wake, na baada ya mlo usimshike kwa saa 48.

Akirudisha chakula, usimpe kingine siku hiyo wala kesho yake. Ngoja siku 14, kagua joto, kisha anza na windo nusu ya la kawaida. Sababu kubwa ni mbili: windo kubwa mno, au upande wa joto wa kizimba uko chini ya nyuzi 30.

Huna haraka yoyote. Bustani ya wanyama ya Saint Louis, huko huko kwenu, ilimpokea chatu mpira mwaka 1961, naye akataga mayai mwaka 2020.

Swali: Asalaam aleikum. Dume langu la gramu 900 halijala wiki 7. Nimejaribu kila siku. Nilishindilie chakula kwa nguvu?
*Msomaji, Muscat, Oman*

Jibu: Waaleikum salaam. Hapana, kumshindilia kunaweza kumjeruhi koo na kumtia hofu zaidi ya chakula. Dume mzima kugoma miezi kadhaa, hasa kati ya Novemba na Machi, ni kawaida. Mpime: akiwa bado juu ya gramu 810, yaani hajapoteza asilimia 10, muache. Jaribu mara moja kila siku 14, usiku. Mpe panya wa barafu aliyeyeyushwa kwenye friji usiku kucha, kisha akapashwa ndani ya mfuko kwenye maji ya moto hadi kichwa kiwe na joto la mwili. Maikrowevu humpasua panya tumbo. Asipoguswa kwa nusu saa, mtoe. Panya hai usimwache naye hata kidogo, humng'ata nyoka hadi mfupa.

Kwa Muscat tungeanza na kiyoyozi. Hupoza chumba na kukausha hewa. Unataka nyuzi 31 hadi 33 upande wa joto, 25 hadi 27 upande wa baridi, na unyevu wa asilimia 60 hadi 80.

Swali: Naweza kumpa chatu wangu minofu ya kuku ya dukani? Panya wananikirihi.
*Msomaji, Toronto, Kanada*

Jibu: Hapana. Minofu haina mifupa wala ini, kwa hiyo atakosa kalsiamu na vitamini A. Kama kinachokukera ni sura yake, kifaranga mzima wa kware aliyegandishwa anatazamika vizuri zaidi, na mkamate kwa koleo refu.