Mwanangu, huko mtaani hakuna kengele

Muheza, Jumapili usiku

Mwanangu,

Ile voisi yako ya dakika nne nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa namenya mihogo, nikaiacha. Mara ya pili nilimwekea baba yako, akatoka nje bila kusema neno, unamjua. Ya tatu nimeisikiliza sasa hivi, peke yangu. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu nikishika simu nitakugombeza au nitalia. Mdogo wako ataipiga picha akutumie.

Umeniuliza hivi: "Mama, na wewe ulipotoka chuo uliona hivi hivi, au ni mimi tu nimeshindwa maisha? Au nirudi tu nikasome masters?"

Nianze na hilo la masters, maana ndilo lililoniogopesha. Ukasome nini? Hukusema. Dakika nne nzima hukutaja hata kitu kimoja unachotamani kukijua zaidi. Ulichotaja ni wenzako wa chumbani, chipsi za usiku nje ya geti, zile diskasheni zenu za kuamkia mtihani, na bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, likiingia simu zote zinalia kwa pamoja. Hayo hayafundishwi kwenye masters. Utakuta watu wazima wanaotoka kazini jioni wamechoka, wanasaini mahudhurio na kuwahi daladala.

Sasa nije kwangu. Mimi nilimaliza ualimu mwaka 1988, na lazima nikuambie ukweli kabla hujaanza kunilinganisha na wewe: mimi sikutafuta kazi. Kazi ndiyo ilinitafuta. Nilipewa barua ya kupangiwa kituo, shule ya msingi huko Handeni, nikafunga sanduku nikaenda. Mpaka leo sijawahi kuandika barua ya maombi ya kazi. Wewe umeshaomba kwenye Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali, mara ngapi? Hata ualimu wenyewe siku hizi una usaili. Kwa hiyo ukimsikia mtu wa rika langu anawaambia vijana "sisi tulikomaa", mwache amalize chai yake. Tulikomaa, ndiyo, lakini tulikuwa tumeshikwa mkono.

Pamoja na hayo, nilifika Handeni nikaugua ugonjwa huo huo wako.

Chuoni kwetu kila kitu kilikwenda kwa kengele. Saa kumi na moja alfajiri, kengele ya mchakamchaka. Kengele ya usafi, ya uji, ya darasani, ya chakula, ya prepu. Saa nne usiku jenereta linazimwa, umependa hukupenda unalala. Tuliichukia kengele ile! Mwenzangu mmoja aliapa kwamba siku akimaliza atakwenda kuishi mahali asipoisikia hadi kufa.

Basi mimi nikapapata mahali hapo. Shule ilikuwa na walimu watatu. Siku ya kwanza, watoto walipotawanyika saa nane mchana, nilikaa kwenye kizingiti cha nyumba ya mwalimu nisijue cha kufanya. Ndani kuna kitanda cha kamba, koroboi na ndoo moja. Nina miaka ishirini na moja, na duniani hakuna mtu anayejua kama nimekula. Wiki ile ya pili nililala njaa siku mbili mfululizo. Unga ulikuwepo, dagaa walikuwepo. Nilikuwa nangoja kuitwa.

Unaona? Nilidhani nakililia chuo changu, kumbe nalilia kupangiwa siku.

Aliyenisaidia ni mwalimu mkuu, mzee wa watu, na sidhani kama alijua ananisaidia. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mwembe, unaigonga kwa kipande cha chuma. Akanipa mimi zamu ya kuigonga, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na saa ya mkono inayotembea. Baada ya mwezi nikagundua kuwa hata akina mama mashambani walikuwa wanapanga siku kwa rimu ile. Siku moja malaria ikanishika, kengele ya asubuhi ikachelewa karibu saa nzima. Nikasikia hodi. Mama mmoja, jembe begani, miguu imejaa umande: "Mwalimu, leo umeamkaje?" Jina lake sikuwa nalijua.

Wewe chuoni mlikuwa na kengele zenu, ila hazikuwa na sauti. Ratiba ilibandikwa. Kila semista ikiisha unajua umefaulu, au una sapu urudie mtihani, au umedisko ufunge virago. Huko ofisini unakojitolea una miezi minane. Kuna mtu amekwambia unafanya vizuri au vibaya? Hakuna anayebandika matokeo mtaani, mwanangu, na ndiyo maana umeamua kujisahihisha mwenyewe, halafu umejipa sifuri.

Na usiusahau upande wa pili. Mwaka wa kwanza mlibebana wawili kitanda kimoja. Mwaka wa pili ulinipigia saa saba usiku unalia kwa sapu ya takwimu, ukasema huo chuo bora ukiache. Nimekumbuka hayo nikacheka, samahani. Bumu nalo lilikuwa linahesabiwa 8,500 kwa siku, baadaye 10,000, linaingia laki tano na kitu kwa mpigo, na wewe tajiri wa wiki moja unanitumia mama yako khanga. Nilifurahi, na khanga bado ninayo. Lakini ile haikuwa pesa yako, ilikuwa deni. Siku ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakwenda Bodi ya Mikopo kabla hujaushika, kwa hiyo ukipanga mshahara wa ndotoni uukate kwanza.

Lililoniuma zaidi ni pale uliposema umebaki peke yako. Mlikuwa sita. Mmoja yuko Mwanza, mmoja ameolewa, mwingine ana kimeza cha vifaa vya simu Kariakoo na unasema unaona aibu kumtembelea. Aibu ya nani? Yako au yake? Chuoni urafiki haukuwa na nauli. Mlikutana kwenye korido mkienda kuoga. Sasa urafiki una nauli. Kutoka Mbagala kwa mjomba wako hadi Kariakoo si safari. Jumamosi nenda, kaa kwenye benchi lake, umsaidie kuuza hata chaja mbili, uone anavyopanga siku yake asiye na bosi wala mhadhiri. Huyo ana la kukuambia kuliko mimi.

Kuhusu ofisi: miezi minane ya kupewa nauli tu ni mingi. Muulize mkubwa wako, kwa heshima lakini kwa maandishi, kama kuna mkataba mwezi wa tisa au hakuna. Akikuzungusha, umeshajibiwa. Mjomba wako nimeongea naye, hajasema umemchosha. Alichosema ni kwamba unakula chumbani. Toka ukale mezani na watoto.

Na masters sijaikataa. Siku ukinipigia ukaniambia "Mama, kuna jambo hili silielewi na linaninyima usingizi", tutakaa na baba yako. Michungwa mwaka huu imezaa.

Kwa habari hiyo, kesho nakupakilia kiroba cha machungwa kwenye basi la saa mbili asubuhi. Ya juu yameiva, uanze nayo. Ya chini yatakaa wiki. Nusu mpe mjomba, na uchukue machache Jumamosi umpelekee yule wa Kariakoo. Basi linafika stendi ya Mbezi kama saa nane mchana. Uwepo mapema, konda hatakaa na kiroba chako.

Mama yako